Bata Ambao Baba Alikataa Kuwahesabu

Mtu ambaye hajala ndege tangu azaliwe anakwenda kuwinda bata kwa sababu gani?

Swali lilikuwa la mama, kwa simu, kutoka Louisville. Mimi, binti yake, nilijulikana katika ukoo mzima kwa kuhoji kila kitu, na sasa nilihojiwa mimi. Mama alikuwa Louisville kwa sababu dada yangu alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na kwetu mzazi mpya hawezi kuachiwa mume peke yake. Mama mtu huja, hukaa wiki sita, hupika uji, humwogesha mtoto na kumrekebisha mkwe. Kwa hiyo baba alibaki peke yake nyumbani Lackawanna, kusini mwa Buffalo. Mimi nilikuwa Columbus. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi sita nyuma na nilikuwa nikipanga viatu kwenye ghala, nikijiambia kila asubuhi kwamba hiyo ni kazi ya muda.

"Papa yako anasema Jumamosi ataenda mu maji na ule muzungu wa ku kazi, kuua ndege," mama alisema.

"Labda anataka kuwaona tu, Mama."

"Kuona? Pale Lackawanna ndege haiko? Nyumba haina dirisha? Donc, mutu anavaa bote za mpira, anaingia mu tope, juu ya kuona?"

"Sijui."

"Weye ulisoma chuo miaka ine. Wende umuulize."

Inafaa nieleze mshangao wake. Sisi ni watu wa ng'ombe. Huko milimani juu ya Uvira, alikozaliwa baba, mwanamume mzima hakuonekana na paja la kuku mkononi. Kuku walikuwa wa kupeleka sokoni. Ndege wa porini hawakuwa hata wa sokoni. Walikuwa wa kutazama. Mimi nilianza kula kuku shuleni Louisville, mji tuliofikia kwanza, kwa sababu kantini haikuwa na maziwa ya mgando. Baba hakubadilika. Alipita kambi ya wakimbizi bila kula kuku, akaja Amerika bila kula kuku, na baada ya miaka sita ya Louisville akahamia kando ya Buffalo, mji ambao nchi nzima inaujua kwa mabawa ya kuku yenye pilipili. Kila alipokaribishwa mabawa alishukuru na kusema ameshiba.

Ijumaa nilipotoka kazini niliendesha gari kwenda kwake. Kutoka Columbus ni zaidi ya saa tano, na hita ya gari langu ilikuwa ikipasha joto upande wa abiria tu, kwa hiyo kila kituo cha mafuta nilihamia kiti cha pili kwa dakika kumi kama mtu anayebadilisha zamu na nafsi yake. Nilimkuta baba jikoni amevaa aproni ya mama, anasonga bugali kwa nguvu isiyohitajika.

"Papa, Mama anauliza unaenda kutafuta nini kesho."

"Salimia mutu kwanza."

Nikamsalimu. Akanipa sahani, akaniwekea lengalenga, mchicha wa kwetu, akakaa.

"Muzee aliniomba macho," akasema.

"Alikuomba nini?"

"Macho. Yake ya mbali imechoka. Mutu akikuomba macho utamujibu nini? Uko nayo mbili."

Muzee alikuwa Mmarekani aliyefanya kazi na baba kwenye mashine moja, katika kiwanda cha maboksi huko Tonawanda, upande wa pili kabisa wa Buffalo. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Basi la kwanza la Lackawanna, na la pili la kuunganisha, yangemfikisha baba getini kengele imeshalia zamani, na msimamizi alikuwa ameshasema kwamba anayechelewa mara tatu asirudi mara ya nne. Muzee ndiye aliyempa lifti kila siku, kwenda na kurudi, kwa mwaka mzima.

Leseni baba hakuwa nayo. Alikuwa ameshindwa mtihani mara mbili. Mara ya kwanza aligonga koni. Mara ya pili aliendesha vizuri mpaka bata bukini wa kijivu, wale wanaokaa kwenye kila uwanja wa Amerika kama wenye hati, walipoanza kuvuka barabara. Baba alisimamisha gari, na hapo hakukosea. Kisha akavuta breki ya mkono, akashuka, akaokota kijiti, akawaswaga kwa upole mpaka wa mwisho alipopanda kwenye majani. Mtahini alibaki ndani ya gari peke yake na karatasi yake.

"Na kama ungemkatalia kesho?" nikauliza.

"Nimukatalie, halafu Jumatatu niende kazini na nini? Na mabawa?"

Alicheka, lakini alikuwa ameacha kula. Nikaelewa kwamba hiyo ndiyo hesabu yake: safari ya kesho ikienda vibaya, lifti inaweza kwisha, na lifti ikiisha, kazi inafuata. Jibu hilo halikunitosha. Baba alikuwa ameshanunua bote mpya na kuzijaribu mbele ya kioo. Mtu anayekwenda kwa hofu tu hajaribu bote mbele ya kioo. Nilimwambia nitakuja nao nikawe mkalimani.

"Kuya," akasema. "Lakini usiulize ule muzee maswali yako."

Muzee alipiga honi kabla hakujapambazuka. Alikuwa mtu mkubwa mwenye ndevu nyeupe, kofia ya kufunika masikio, na chupa ya kahawa yenye ukubwa wa mtungi. Pikapu yake ilinuka mbwa, ingawa hapakuwa na mbwa. Tulikaa watatu kiti cha mbele, mimi katikati, na kabla hatujatoka mtaani alianza kunieleza kazi.

"Tunatafuta bata wa theluji," alisema. "Wanashuka kutoka kaskazini ya mbali, Kanada huko juu kabisa. Weupe, ncha za mabawa nyeusi kama zimechovywa kwenye wino. Hao ninaruhusiwa kuwapiga. Lakini mwezi huu huu anapita ndege mwingine, mkubwa zaidi, mweupe mwili mzima, shingo ndefu. Huyo analindwa na sheria. Nikimpiga huyo, leseni imekwenda, na miaka hamsini ya kuwinda inaishia mbele ya hakimu. Zamani niliwatofautisha nikiwa nimefumba jicho moja. Sasa wote ni ukungu. Baba yako aliwaona wakipita juu ya barabara mwezi uliopita akaniambia weusi uko wapi kabla mimi sijaona kama kuna ndege."

"Kwa nini huyu analindwa na yule hapana?" nikauliza. Baba alinikanyaga mguu.

"Kwa sababu hawa ni wengi mno. Wanakula majani ya huko kaskazini mpaka mizizi."

"Nani aliwahesabu?"

Muzee alinitazama, kisha akamtazama baba juu ya kichwa changu. "Ndivyo alivyo siku zote?"

Baba hakuhitaji tafsiri. "Siku zote," alijibu kwa Kiingereza.

"Kunywa kahawa, Profesa," Muzee akasema, na jina hilo likanikaa.

Tuliendesha kama saa moja kuelekea mashariki mpaka kwenye shamba la mahindi lililovunwa, kando ya bwawa. Mwenye shamba alikuwa amempa Muzee ruhusa. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchomeka vijiti mia moja hivi vyenye mifuko ya kitambaa cheupe, ambayo upepo ukiingia hujaa na kutikisika kama bata wanaokula. Muzee alichomeka vyake kwa kasi, kokote. Baba alichukua muda. Aliweka vikubwa pembeni, vidogo katikati, akaacha njia, akarudi nyuma kutazama, akahamisha kimoja.

"Anafanya nini?" Muzee akaniuliza.

"Papa, unafanya nini?"

"Batoto hawakai inje. Na ule mukubwa pale hapendane na huyu."

Nilitafsiri. Muzee alikuna ndevu. Alisema anaweza kuwaweka anavyotaka, mradi wote watazame upepo unakotoka. Baba akakubali mara moja; alisema hata ng'ombe wana msimamo kuhusu upepo. Wakaendelea kufanya kazi pamoja wakiwa na maneno kama kumi ya kushirikiana, na sikuhitajika tena.

Maficho yetu yalikuwa shimo la kina cha kiuno lililozungushiwa mabua. Tulikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Muzee alituonya: mkae kimya, msisimame, msionyeshe nyuso zenu, bata wana macho kuliko sisi sote. Kukaanza kupambazuka, mbingu rangi ya maji ya kuoshea mchele. Vidole vyangu vya miguu viliacha kunijibu.

Baba ndiye aliyeona. Alinyoosha mkono wake mbele ya uso wa Muzee, ngumi imefungwa.

Muzee akaitazama ile ngumi. Akatabasamu. Akakunja ya kwake, akaigonga ile ya baba kwa upole, kama vijana wanavyosalimiana.

Baba alinigeukia, amechanganyikiwa. "Ananipigia nini?"

Ilibidi nimweleze Muzee kwa kunong'ona huku nikijizuia kucheka. Kwetu kiumbe hai hakionyeshwi kwa kidole. Kidole kinatoboa. Ukitaka kuonyesha mifugo ya mtu unatumia ngumi, ili kusiwe na ncha. Muzee alisikiliza kwa makini, akafuata ngumi kwa macho, akakodoa.

"Sawa. Naona kitu cheupe. Wangapi?"

"Papa, wako wangapi?"

Baba akashusha ngumi.

"Papa, Muzee anataka namba."

"Hatuhesabu kitu yenye roho, mama. Unataka bakufe?"

"Papa, si ndiyo maana tumekuja?"

Alinitazama. Nadhani mpaka dakika ile alikuwa ameifikiria safari nzima isipokuwa mwisho wake: kuvaa bote, kahawa, kuona, kusema huyu ndiye na huyu siye. Aligeuza macho kwenye bunduki iliyolala magotini pa Muzee, kisha akarudi kutazama mbingu.

"Mwambie ni mingi," akasema.

"Anasema ni wengi."

"Wengi ni ishirini au elfu mbili?"

"Anasema inategemea moyo wako," nikajibu. Baba hakuwa amesema hivyo, lakini nilikuwa nimechoka na nina baridi.

Kundi likakaribia. Muzee aliinua bunduki taratibu. Baba akaweka kiganja juu ya mkono wake.

"No," alisema. Kisha kwangu, haraka: "Hao hapana. Angalia shingo. Angalia vile wanatembea na mabawa, pole pole, kama bibi-arusi anaingia kanisa. Hakuna weusi."

Muzee alishusha bunduki bila kuuliza. Walipita juu yetu, kumi na mbili (mimi niliwahesabu, kwa kidole, ndani ya mfuko wa koti), wakubwa, weupe mpaka ncha, na mabawa yao yalitoa sauti ya kitani kinachokunjwa. Muzee aliwafuata kwa kichwa mpaka wakatoweka. Akavuta pumzi ndefu.

"Ningepiga," alisema. "Mungu wangu. Ningepiga."

Alimmiminia baba kahawa kwenye kifuniko cha chupa. Baba akaipokea kwa mikono miwili. Niliwaza kwamba lifti imepona, na Jumatatu imepona, na kama tungeondoka dakika ile kila kitu kingekuwa salama.

Halafu wakaja wenyewe, wale wa theluji.

Tuliwasikia kwanza, kelele kama kanisa kabla ya ibada kuanza, kila mtu akimsalimu kila mtu. Kisha wakatokea juu ya miti, mstari, na nyuma yake mstari mwingine, na nyuma yake mwingine, mpaka nikaacha kutafuta mwisho. Jua lilikuwa limetoka nusu. Walipogeuka upande mmoja walikuwa weupe, walipogeuka upande wa pili ncha za mabawa zikawa nyeusi zote kwa pamoja. Katikati yao kulikuwa na wengine wenye mwili wa kijivu kilichokolea na kichwa cheupe. Walianza kuzunguka juu ya vitambaa vyetu, duara moja, duara la pili, kila moja chini kuliko lililopita, na nikaona miguu yao imening'inia tayari kukanyaga. Sikuwa na swali hata moja.

"Yes," baba alinong'ona. "Yes, yes."

Muzee akaiweka bunduki begani.

Na baba akasimama.

Alisimama wima, urefu wake wote, katikati ya mabua. Akainua mikono juu, imepinda kama pembe, vidole vikitazama mbingu, na akaanza kusifu. Nilikuwa nimeisikia sauti ile mara chache tu, harusini. Ni sauti wanayopewa ng'ombe wanaporudi jioni, ya haraka, haina nafasi ya kupumua: enyi weupe mliokuja bila mchungaji, mliovuka mito bila kulowesha kwato, mama zenu wametangulia na ndama hawakupotea, nani aliwaonyesha njia.

"Hawana kwato, Papa!" nilipiga kelele, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Mbingu nzima iligeuka. Maelfu ya mabawa yalipiga kwa pamoja, upepo wake ukatufikia usoni, na kelele zao zikawa za kulalamika. Walipanda, wakavunjika makundi mawili, wakaungana, wakaelekea kusini. Muzee hakupiga hata risasi moja. Baba aliendelea kusifu mpaka walipokuwa vumbi, ndipo mikono yake ikashuka, na akakumbuka alipo.

"Ile ilikuwa nini?" Muzee akauliza polepole.

Nilieleza. Nilitafsiri sifa zote nilizozikumbuka, pamoja na kwato. Nilisema kwamba mbele ya kundi kama lile mtu wa kwetu hawezi kukaa kimya. Kukaa kimya ni wivu. Muzee alisikiliza, akatoa risasi kwenye bunduki, akaziweka mfukoni, akaanza kung'oa vijiti. Baba alimsaidia. Ndani ya pikapu hawakusema kitu, saa nzima, na mimi nilikaa katikati yao nikitamani kuulizwa jambo lolote. Mbele ya nyumba yetu Muzee alisema "Haya," akaondoka.

"Amekasirika," baba alisema, amesimama barabarani na bote zake.

"Hujui, Papa."

"Miaka makumi tano anawinda, anaomba macho, anapewa mdomo."

Jumapili kanisani hakuimba, naye huwa anaimba hata mapambio asiyoyajua. Mama alipiga simu kutoka Louisville, akasikiliza habari nzima, kisha nikasikia anaisimulia kwa dada yangu na wote wawili wakacheka mpaka mtoto akaamka. Alipomaliza kucheka aliuliza: "Na Jumatatu?" Nilikuwa nimeshaangalia ratiba za mabasi. Nilimwambia nitampeleka mwenyewe Jumatatu, halafu nirudi Columbus kwa zamu ya jioni. "Na Jumanne?" mama akauliza. Nikafungua tena ratiba za mabasi.

Jumatatu alfajiri baba alikuwa amevaa koti la kazi, amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mkebe wa chakula magotini. Nilikuwa natafuta funguo za gari. Dakika ya kawaida ya honi ikafika. Ikapita. Baba akasimama, akasema, "Bon, twende."

Ndipo honi ikalia.

Nilitoka naye, kwa sababu nilitaka kuona uso wa Muzee. Alikuwa ameshusha kioo. Macho yake yalikuwa mekundu ya usingizi na alionekana mwenye haya kidogo.

"Profesa, mwambie nimechelewa kwa sababu sikulala vizuri. Mke wangu amenifanya niigize jambo lile mara tatu. Mikono juu na yote." Aliinua mikono pembeni ya usukani, ikagonga dari. "Mwambie Jumamosi ijayo kuna makundi mengine. Na mwambie, tafadhali, akitaka kuwaimbia, asubiri nipige kwanza."

Nilimtafsiria baba. Alifikiri kwa uzito, mkono kwenye mlango wa pikapu.

"Mwambie asubiri niimbe kwanza," akasema.

Nilitafsiri hilo pia. Muzee alicheka akapiga usukani, na honi ikalia yenyewe, na taa ya jirani ikawaka. Baba alipanda, akafunga mlango, na kupitia kioo nikamwona ananyoosha ngumi. Muzee akaigonga.

Walikwenda kila Jumamosi ya msimu ule na misimu miwili iliyofuata. Sijui kama waliwahi kuua kitu. Nilipouliza, kila mmoja alinielekeza kwa mwenzake. Mwaka wa tatu baba alipata leseni, akamwendesha Muzee bwawani yeye mwenyewe.

Muzee alipostaafu na kufanyiwa upasuaji wa nyonga, nilikuwa nimeshahamia Buffalo. Baba alinituma nimpelekee maziwa ya mgando, akanipa anwani kwenye kipande cha boksi. Nilikuwa nimehoji kila kitu kwa mtu yule, sheria, ndege, hesabu za serikali, lakini sikuwahi kuuliza anakaa wapi. Nilidhani tu ni kusini, mbele ya Lackawanna, na kwamba kila asubuhi alimpitia baba njiani. Nilifuata anwani mpaka Tonawanda, nikaegesha, nikasoma namba ya nyumba mara mbili. Ng'ambo ya barabara, hatua kama arobaini kutoka kwenye kibaraza chake, lilikuwa geti la kiwanda cha maboksi.